D1, D2, D3, NAIA au chuo cha miaka miwili: binti wa softboli aelekee wapi?

Kwa miaka minne nimekalia ndoo. Asiyeijua softboli ya Marekani, ndugu wa besiboli, hatanielewa, kwa hiyo nieleze. Binti akiwa mrushaji, kila jioni lazima apatikane mtu wa kumdakia mipira, na magoti ya mzazi aliyevuka miaka arobaini hayakubali kuchuchumaa saa nzima. Basi unachukua ndoo ya mipira yenye mfuniko wa sponji, unaikalia futi 43 kutoka kwake, glavu mkononi, ukiomba mpira usidunde chini mbele yako. Jina la mchezo lina maana ya mpira laini. Ugoko wangu una ushahidi mwingine.

Nilikulia Mwanza, mchezo wangu ulikuwa kandanda, na haya yote nimejifunzia ukubwani hapa Texas. Sasa binti yupo darasa la 11, makocha wa vyuo wameanza kupiga simu, na kila mzazi mwenzangu anayezungumza Kiswahili ananiuliza swali lilelile: "Amepata D1?" Kama vile hakuna pengine pa kwenda. Njia zipo tano: madaraja matatu (D1, D2, D3) ya NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo vya Marekani, kisha chama kingine kiitwacho NAIA, na chuo cha miaka miwili. Nimekaa nazo muda wa kutosha kuzilinganisha.

Nimepima kwa nini

Pesa kwanza. Sipimi ukubwa wa ofa, napima kinachobaki mlipe wenyewe baada ya kila msaada kutolewa.

Pili, mlango: kocha anaruhusiwa kuanza kuzungumza na binti lini, na shule inadai alama gani.

Tatu, uwanja. Atacheza, au atashika karatasi ya takwimu benchini kwa miaka miwili?

Nne, siku ya kawaida. Saa ngapi za mazoezi na safari, saa ngapi za kitabu.

Juu ya hayo manne kuna swali ninalomuuliza binti kila tunapotoka kutembelea chuo, tukiwa bado kwenye gari: kano ya goti ikikatika mwezi wa pili wa mwaka wa kwanza, bado ungetaka kuamka hapa kesho yake? Akinyamaza, nimepata jibu.

Daraja la kwanza, D1

*Pesa.* Hapa mambo yamebadilika juzi tu, na wazazi wengi bado wanaongea kwa hesabu za zamani. Kwa miaka mingi timu ya D1 iliruhusiwa ufadhili kamili 12, na kocha aliukata vipande: huyu robo, huyu nusu, yule vitabu tu. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha maridhiano ya kesi ya muogeleaji Grant House dhidi ya NCAA. Kwa vyuo vilivyokubali utaratibu huo, kikomo cha ufadhili kimeondolewa na badala yake kimewekwa kikomo cha kikosi: wachezaji 25 wa softboli, na wote 25 wanaweza kufadhiliwa kikamilifu chuo kikitaka na kikiwa na fedha. Hilo la kutaka na kuwa na fedha ndilo la kuuliza. Chuo kikubwa chenye mkataba mnono wa televisheni na chuo kidogo cha D1 ambacho watu hawakijui hata kwa jina havilingani kabisa. Kumbuka pia Harvard, Princeton na wenzao wa Ivy League: wako D1, lakini hawatoi ufadhili wa mchezo hata senti. Wao wanaangalia kipato cha familia.

*Mlango.* Kocha wa D1 haruhusiwi kuzungumza habari za kumchukua binti kabla ya tarehe 1 Septemba ya darasa la 11. Sheria hiyo ilipitishwa 2018, baada ya miaka ambayo watoto wa darasa la nane walikuwa wakiahidi vyuo kabla hawajajua wanapenda somo gani. Kwa hiyo binti wa darasa la tisa akiandika barua pepe na asijibiwe, asilie. Kocha amefungwa mdomo. Anachoweza kutuma ni fomu ya maswali na tangazo la kambi. Na tangazo la kambi si mwaliko wa kumtaka yeye. Wengi hutumiwa lilelile, na ada ya kambi ni ileile kwa anayetakwa na asiyetakwa.

Kwa upande wa masomo, NCAA inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 kati ya 4.0, na kumi kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya darasa la 12 kuanza. Mitihani ya kuingilia chuo, SAT na ACT, haidaiwi tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuitaka.

*Uwanja.* Kikosi cha 25 kina maana ya milango michache kuliko zamani, hasa kwa wale waliokuwa wakiingia bila ufadhili na kujipigania wakishafika. Kuna na jambo la pili: tangu 2024 mchezaji anaweza kuhama chuo mara atakazo, mradi alama zake ziko sawa. Kocha anayehitaji mrushaji Mei anaweza kumleta wa miaka 21 aliyekomaa badala ya kumlea wa miaka 18. NiJaree Canady alihama Stanford kwenda Texas Tech 2024 kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni moja, na mwaka uliofuata akaifikisha timu fainali Oklahoma City, wakafungwa na Texas. Habari tamu ya kusimulia, lakini haimhusu binti yako wala wangu. Linalotuhusu ni kufungua orodha ya kikosi kwenye tovuti ya chuo, kuhesabu warushaji, kuangalia wako mwaka gani, na wangapi wametoka chuo kingine. Ukikuta watano na wanne wamehamia, umeshajua tabia ya kocha huyo.

*Siku ya kawaida.* Sheria inasema saa 20 kwa juma wakati wa msimu. Safari hazihesabiwi humo. Michezo ni hadi 56, Februari hadi Mei, na kuna Alhamisi ambazo darasa litaachwa kwa ajili ya basi au ndege. Anayetaka uuguzi au uhandisi aulize mapema kama kuna mchezaji yeyote kikosini anayesoma hicho.

*Inamfaa nani?* Binti ambaye makocha wa D1 wenyewe wanamfuata wiki zile za mwanzo za Septemba, na ambaye anaupenda mchezo hata saa kumi na mbili asubuhi akiwa na usingizi.

Daraja la pili, D2

*Pesa.* Kikomo ni ufadhili 7.2 kwa timu nzima, kwa hiyo karibu kila mtu anapata kipande. Kocha hodari wa D2 ni fundi wa kushona viraka: kidogo cha mchezo, kidogo cha alama nzuri, kidogo cha msaada wa serikali. Binti mwenye alama za juu ana thamani kubwa hapa, maana kadiri anavyopata zaidi kutoka upande wa masomo ndivyo kocha anavyobakiwa na cha kumpa mwingine.

*Mlango.* Mazungumzo yanaruhusiwa kuanzia tarehe 15 Juni kabla ya darasa la 11. Masomo ni yaleyale 16, wastani 2.2.

*Uwanja.* Usidhani ni softboli ya likizo. Timu bora za D2 zinaweza kuzifunga timu za chini za D1 siku yoyote. Ila nafasi ya kuanza mapema ni kubwa zaidi, na vyuo vingi ni vya ukubwa wa kati, ambako mwalimu atamjua kwa sura.

*Siku ya kawaida* inafanana na D1, pungufu kidogo kwenye safari za ndege. Mabasi mengi.

*Inamfaa nani?* Mwenye kiwango kizuri na alama nzuri anayetaka kucheza mwaka wa kwanza, na familia inayoweza kujaza pengo dogo la fedha.

Daraja la tatu, D3

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wazazi wetu wanapofunga masikio. Wakisikia "hakuna ufadhili wa mchezo", wanainuka.

*Pesa.* Ni kweli, D3 haitoi ufadhili wa mchezo. Lakini ndani yake kuna vyuo vyenye mifuko mizito ya kusaidia familia zenye kipato cha kawaida: Tufts, Amherst, Williams, Emory, MIT. Msaada huo hautegemei goti. Binti akiumia, akigombana na kocha, akiamua kuacha mchezo, haukatwi kwa sababu ya softboli.

Tuchukue mfano wa kubuni, namba nilizoziandika nyuma ya bahasha mezani jikoni nikimwelewesha shemeji yangu. Chuo cha kwanza ni D1: gharama ya mwaka dola 58,000, ofa ya mchezo asilimia 40. Inasikika vizuri, na utaiposti. Ofa ni 23,200, inabaki 34,800. Chuo cha pili ni D3: gharama 78,000, bei ya kumfukuza mtu mlangoni. Lakini familia ya dereva na muuguzi msaidizi yenye watoto watatu inapewa msaada wa 62,000 kulingana na kipato. Inabaki 16,000. Shemeji aliigeuza bahasha mara mbili akitafuta ujanja uko wapi.

Huna haja ya kubahatisha. Kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi kinatakiwa kisheria kuweka kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake. Unaingiza kipato, idadi ya watu nyumbani, unapata makadirio. Fanya hivyo kabla ya kumpenda kocha. Na barua ya msaada ikija, isome mstari kwa mstari, maana mkopo hupangwa katika safu moja na ruzuku kana kwamba ni ndugu. Mkopo si msaada, utarudishwa.

Jambo la hati nalo liangaliwe. Fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, inawahusu raia, wenye green card, na waliopokelewa kama wakimbizi au kupewa hifadhi. Familia nyingi za Kikongo zilizopitia Nyarugusu au Kakuma zinastahili na hazijui. Binti anayetoka Nairobi au Dar kwa viza ya mwanafunzi hana FAFSA. Yeye hutegemea fedha za chuo chenyewe au ufadhili wa mchezo, na huo wa mchezo haubagui uraia.

*Mlango.* Kocha wa D3 anaweza kumwandikia binti wakati wowote, ila kuonana nje ya chuo ni baada ya darasa la kumi. Alama zinapangwa na chuo chenyewe, na kwenye vyuo nilivyovitaja ni kali kuliko za NCAA. Kocha anaweza kusema neno jema kwa ofisi ya udahili. Hawezi kufungua mlango peke yake.

*Uwanja.* Tufts walichukua ubingwa wa D3 mara tatu mfululizo, 2013 hadi 2015. Si watu wa kuchezea. Lakini ndiyo, kasi ya mpira ni ndogo na majukwaa hayajai.

*Siku ya kawaida.* Michezo 40 badala ya 56, na muda wa kupumua nje ya msimu. Binti anaweza kwenda kusoma nje ya nchi muhula mmoja bila kuonekana msaliti.

*Inamfaa nani?* Mwanafunzi hodari ambaye softboli ni sehemu ya maisha yake, na familia ya kipato cha chini au cha kati. Haimfai anayehitaji umati ili mpira umtoke vizuri mkononi.

NAIA

*Pesa.* Hiki ni chama kingine kabisa, nje ya NCAA. Kikomo cha softboli ni ufadhili 10, zaidi ya D2. Vyuo ni vidogo, vingi vya Kikristo, na ada yao ya karatasini huwa juu, hivyo asilimia unayoahidiwa haina maana mpaka uone namba ya mwisho.

*Mlango.* Kocha wa NAIA anaweza kupiga simu wakati wowote, hata binti akiwa darasa la tisa. Hilo ni zuri kwa anayetaka kuzoea mazungumzo. Lina ubaya wake pia: ofa ya mapema yenye tarehe ya mwisho ya kesho kutwa. Ukiona haraka hiyo, uliza kwa nini.

*Uwanja.* Chama hiki kinadharauliwa bila sababu. Oklahoma City University, kilicho mji uleule wa uwanja wa Devon Park ambako D1 humalizia msimu, kimechukua mataji ya NAIA mengi kuliko vidole vya mikono. Chuo kidogo cha chini ya jedwali ni habari nyingine. Nenda ukaone mazoezi.

*Siku ya kawaida.* Madarasa madogo, mji mara nyingi mdogo. Msichana aliyezoea Houston au Minneapolis alale pale usiku mmoja kwanza.

*Inamfaa nani?* Anayetaka kujulikana kwa jina, kucheza mapema, na asiyejali kwamba bibi yake Kigoma hajawahi kusikia chuo hicho. Bibi hajasikia vyuo vingine pia.

Chuo cha miaka miwili

*Pesa.* Katika NJCAA, chama cha michezo cha vyuo hivi, daraja lake la kwanza linaweza kulipa ada, vitabu, chumba na chakula. La pili linalipa ada na vitabu bila malazi. La tatu halitoi kitu cha mchezo. Nafasi za ufadhili ni hadi 24. California wana chama chao na hawatoi ufadhili wa mchezo, ila ada kwa mkazi ni ndogo. Kwa familia nyingi hii ndiyo njia pekee ya kumaliza miaka miwili bila deni.

*Mlango.* Cheti cha sekondari kinatosha. Kwa mtoto aliyefika Marekani akiwa darasa la tisa au la kumi, hili lina uzito. Si kila darasa la Kiingereza cha wageni linahesabiwa kati ya yale masomo 16 ya NCAA, na anaweza kugundua darasa la 12 kwamba ana 11 tu. Muulizeni mshauri wa shule swali hilo mapema, na jibu mlione limeandikwa.

*Uwanja.* Atacheza mara moja, kwa sababu kikosi kizima kinageuka kila baada ya miaka miwili. Makocha wa vyuo vya miaka minne wanapita huko kutafuta. Wala si makao ya walioshindwa: Patty Gasso, kocha wa Oklahoma iliyochukua ubingwa wa D1 mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024, alikuwa akifundisha Long Beach City College kabla ya kuhamia huko.

*Siku ya kawaida.* Hatari iko kwenye masomo. Si kila alama inahamishika, na binti asiyefuatilia anaweza kufika chuo kikuu akarudia nusu mwaka. Achague masomo akiwa na orodha ya chuo anachotaka kuhamia mkononi.

*Inamfaa nani?* Aliyechelewa kukua kimchezo, aliyechelewa kufika nchini, asiye na fedha, au asiyejua bado anataka kuwa nani.

Kuhusu kuonekana

Tulilipa kampuni moja itutangazie binti. Wakatuma barua pepe kwa makocha zaidi ya mia moja, zote zikimtaja kuwa mdakaji. Yeye ni mrushaji. Kocha mmoja wa D3 alijibu kwa upole akiuliza kama anadaka na kurusha kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo akaandika mwenyewe. Mistari sita: jina na mwaka wa kumaliza, nafasi uwanjani, wastani wa alama, klabu na namba ya jezi, ratiba ya mashindano pamoja na namba ya uwanja, na kiungo cha video. Video ya dakika tatu, bila muziki, kamera nyuma ya mdakaji ili kocha aone mpira unavyokata. Ilipigwa na mdogo wake kwa simu. Makocha wanane walijibu.

Na ofa ya mdomo haimfungi yeyote. Ile Barua ya Kitaifa ya Nia iliyokuwa ikisainiwa kwa picha na kofia ilifutwa Oktoba 2024. Sasa kinachosainiwa ni makubaliano ya msaada wa fedha. Mpaka uione karatasi hiyo, endelea kujibu makocha wengine kwa heshima.

Kwa hali yako

Yupo darasa la tisa au la kumi na hajaongea na kocha yeyote: hajachelewa. Hakikisheni masomo ya msingi, atume barua chache, na msiuze gari kwa ajili ya kambi.

Yupo darasa la 11, D1 wamekaa kimya tangu Septemba, lakini D2 na NAIA wanapiga: hao wanaopiga ndio wanaomtaka. Watembeleeni, na mwekeni kikokotoo cha D3 mbili pembeni.

Ana alama za juu na kipato chenu ni kidogo: anzeni na D3 zenye fedha pamoja na Ivy, kisha mlinganishe na ofa zozote za mchezo kwa kinachobaki.

Ana ofa ya D1 ya kuingia kikosini bila fedha, na D2 ya nusu gharama: mwambie aangalie orodha zote mbili za warushaji, kisha arudi kwenye lile swali la goti. Msimjibie.

Yupo darasa la 12, ni Machi, na hana kitu: pigeni simu vyuo vya miaka miwili vilivyo ndani ya saa tatu kwa gari, juma hili. Kikosi kinaweza kuwa na tundu la mrushaji aliyeondoka au aliyeumia, na kocha wa aina hiyo hupokea simu mwenyewe. Apige binti, si wewe. Wewe leta ndoo.